Dawa Niliyoiita ya Gesi

Bwana asifiwe, watu wa Mutuini! Hapana, hiyo amina ni ya watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe tena! Haya, hiyo sasa imefika mbinguni.

Mimi naitwa Wangeci, ingawa wengi wenu mnanijua kama Mama Kimani. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mchungaji, samahani mapema, hazitatosha.

Ndugu zangu, nimesimama kushuhudia juu ya kifua changu. Lakini siwezi kufika kwenye kifua kabla sijapitia kwa yule mama aliyekaa safu ya tatu, mwenye kilemba cha zambarau. Mpungie watu mkono, Mama Nyambura. Huyo ni mkwe mwenzangu kutoka Kinoo. Binti yake Nyambura ndiye mke wa Kimani wangu. Nilimwomba ruhusa ya kumtaja leo, akakubali, kwa hivyo msije mkasema namsengenya madhabahuni.

Mnajua desturi yetu. Binti wa kwanza wa mwanao huitwa jina lako wewe, mama wa baba. Wa pili ndiye huitwa jina la mama wa mama. Mtoto akipewa jina lako, tunasema umezaliwa. Na mwanao, yule uliyembeba mgongoni, humwita huyo mtoto "maitu", yaani mama yangu, hata kama mtoto hana jino moja. Mimi nilikuwa nimelingoja hilo neno tangu Kimani avae kaptura.

Basi Nyambura akashika mimba, na wakati huohuo mama yake akaugua. Aliugua kweli, si mchezo. Akapasuliwa tumbo, akalazwa, madaktari wakatuambia tujitayarishe. Kimani akaja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Mathe, nataka kukuomba kitu kigumu. Akizaliwa msichana, tumwite Wairimu, jina la mama yake Nyambura, aende akijua limebaki."

Nikakubali! Ndugu zangu, nilikubali nikilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Nani atamnyima jina mtu anayekata roho? Habari zikafika hapa kanisani, mkanisifu, mkasema Mama Kimani ana moyo mkubwa. Mtoto akazaliwa msichana, na paji la uso la ukoo wetu kabisa, akaitwa Wairimu.

Halafu Mama Nyambura akapona.

Akapona kabisa! Akarudi Kinoo, akaanza kula, akanenepa, akaanza tena kuimba kwaya. Najua mnataka niseme nilifurahi. Nilifurahi, Mungu ni shahidi, nilifurahi kama siku mbili hivi. Baadaye nikaanza kujiuliza, na mimi je? Jina likishatolewa halirudishwi kama sufuria ya kuazima. Na vijana wa siku hizi huzaa mmoja wakafunga duka. Kila nilipomwangalia yule mama akitembea na afya yake, niliona ametembea na kitu changu.

Kanisa lao likamfanyia ibada ya shukrani, nasi tukaalikwa. Alisimama mbele akaeleza alivyopasuliwa, akaonyesha kwa kidole juu ya nguo pale kovu lilipo, akasema, "Nilikuwa nakufa, na tazameni, nimezaliwa mara ya pili, mtoto ndiye huyu!" Vigelegele! Nyambura akamnyanyua mtoto juu, akamwita "maitu" mbele ya watu wote. Hapo ndipo kifua changu kilipobana mara ya kwanza. Kilibana hapa katikati, kama kwamba ng'ombe amenikalia, na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Watu walikuwa wakicheza, mimi nikawa natafuta pumzi chini ya kiti.

Nilijua nakufa. Na nitawaambia kilichonipitia kichwani: sawa, sasa wataona na mimi naumwa. Maana Mama Nyambura alipougua, magari yalimiminika na unga, sukari, maziwa na mablanketi. Mimi nikapelekwa hospitali mjini, nikabandikwa nyaya, nikapigwa picha ya moyo, nikakimbizwa kwenye ile mashine unayokimbia bila kufika popote, mwanamke wa rika langu, leso kiunoni! Majibu yakatoka: moyo mzima, mishipa mizima. Wakanishusha mpira kooni waangalie tumbo, nalo likawa zima. Daktari akaniambia, "Mama, huna kitu. Nenda nyumbani upumzike."

Huna kitu! Ndugu zangu, mnajua uchungu wa kuambiwa huna kitu na kifua kinawaka moto? Mama Nyambura ana kovu. Akisema aliumwa, hakuna anayebisha. Mimi nilikuwa na karatasi za hospitali zinazonishuhudia kwamba niko mzima. Nilimwonea wivu kwa sababu ya lile kovu. Chekeni, chekeni tu, lakini kuna mtu humu ndani ananielewa. Watu walikuja kuniona mara moja, wakala chapati zangu, wakasema ni gesi, wakaenda zao.

Mchungaji alinipaka mafuta. Akina mama wakafunga na kuomba kwa ajili yangu, na maumivu yakarudi kabla hawajafungua. Basi nikaanza kumwonea Mama Nyambura wivu hata kwa Mungu. Nikawa namwuliza Bwana, kwa nini watu wa Kinoo unawajibu upesi, na sisi wa Mutuini tunapanga foleni?

Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Nyambura anauza katika duka la dawa katikati ya mji, na wanaishi Riruta. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha, tulikuwa tumepatana kwamba mtoto ataletwa kwangu kila asubuhi. Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yangu, kwamba jina ni la Kinoo, lakini mtoto ni wa Mutuini. Ndipo kifua kikanishika mara mbili tatu nikiwa naye, Nyambura akaogopa. Akaniambia, "Mama, wewe pumzika kwanza. Mtoto ataenda kwa mama yangu mpaka upate nafuu." Aliniambia kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza. Jina limeenda Kinoo, na mtoto naye ameenda Kinoo! Nikawa nashinda nimekaa mlangoni nikiwaza: saa hii anamwogesha, saa hii anamlisha uji, saa hii mtoto anamchekea. Na kadiri nilivyowaza ndivyo kifua kilivyobana, na kadiri kilivyobana ndivyo mtoto alivyozidi kukaa huko.

Kimani hakukata tamaa. Akanipeleka kwa daktari mwingine, msichana mdogo tu, wa umri wake yeye. Nikasema moyoni, huyu atanifundisha nini? Yule binti akasoma karatasi zangu zote polepole, akazifunga, akanitazama, akasema, "Mama, maumivu yako ni ya kweli."

Nililia, ndugu zangu. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

Akanieleza kwamba kuna watu ambao moyo wao ni mzima, lakini mishipa ya fahamu inayopeleka habari kutoka kifuani hadi kichwani imekuwa mikali kupita kiasi. Akasema ni kama kengele ya gari inayolia paka akipita. Mwizi hayuko, lakini kelele iko. Akasema atanipa tembe ya kuituliza hiyo kengele. "Lakini sitakuficha," akasema. "Hii ni dawa wanayopewa watu wenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Kwa kipimo kidogo huwa inasaidia watu wengine wenye maumivu kama yako. Haimsaidii kila mtu. Tutajaribu tuone."

Nikasimama nikachukua mkoba wangu. Nikamwuliza, "Daktari, mimi ni wazimu?"

"Hapana, mama."

"Nina huzuni mimi?"

"Sijui," akasema. "Unayo?"

Nikakaa tena. Nikamweleza habari yote ya jina, tangu Kimani alipokaa kwenye kigoda. Foleni nje ilikuwa ndefu na yule binti akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia dawa ya wivu hana, lakini kifua tutakishughulikia. Akanionya kwamba mdomo utakauka, usingizi utanijia, nisitegemee nafuu ya haraka, na nisiache kumeza kabla sijarudi kwake.

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu mwenye wivu. Nina mke wa mwanangu anayeuza dawa, na mimi nikaenda kununua kwa siri katika duka dogo la mbali ambako hakuna anayenijua! Maana nilijua habari ikimfikia Nyambura itafika Kinoo. Na Kinoo wakisikia Mama Kimani anameza dawa za wagonjwa wa akili, nani ataniachia mtoto tena? Ningemwona tena siku ya harusi yake. Kwa hivyo kila aliyeniuliza nameza nini nilimjibu, "Ni dawa ya gesi." Si ndio mlikuwa mnasema ni gesi? Pakiti nikaificha ndani ya kiondo, kikapu changu cha kazi, chini ya nyuzi zangu za kufuma sweta.

Mwanzoni sikuona kitu, isipokuwa mdomo mkavu na usingizi. Mchungaji, zile Jumapili nilizosinzia katikati ya neno, sasa unajua sababu. Halafu asubuhi moja nilikuwa napandisha kutoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe, nikafika juu, nikautua. Ndipo nikakumbuka kwamba sikusimama njiani. Sikuona malaika wala sikuangushwa chini. Nilikuwa tu nimefika juu, na kifua kimetulia. Maumivu yalirudi tena siku nyingine, lakini yalikuja yamepungua, yakakaa kidogo yakaenda.

Na mtoto akarudishwa kwangu! Haleluya! Nikawa nampigia Mama Nyambura simu kumjulia hali, na kusema kweli nilikuwa nataka tu asikie mtoto akicheka huku kwangu. Mama Nyambura, ulikuwa unajua? Alikuwa anajua. Anatikisa kichwa.

Kitu kimoja tu sikuweza. Jina. Sikuwahi kumwita mtoto kwa jina lake. Nilimwita Toto. Toto njoo, Toto kula. Lile jina lingine lilikuwa halipiti kooni.

Siku moja mtoto ameshaanza kutambaa na kujishika kwenye viti, mvua ikaanza ghafla, nikatoka nje kuanua nguo. Sikukawia. Niliporudi nilimkuta ameketi kando ya kiondo, nyuzi zimesambaa nyumba nzima, na pakiti ya dawa iko mdomoni. Tembe nyingine zilikuwa sakafuni. Midomo yake ilikuwa na unga mweupe, naye anakunja uso kwa uchungu wa ile dawa.

Nikampigia Nyambura simu. Nikamwambia mtoto ametafuna dawa zangu. Akauliza, "Mama, ni dawa gani?"

Ndugu zangu, neno "gesi" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Ulimi ulishalizoea. Nikisema gesi, atasema mpe maji, atakuwa sawa, na siri yangu itabaki siri. Nikisema kweli, nimempoteza mtoto kwa Kinoo maisha yangu yote. Sikuomba hata. Nafasi ya kuomba haikuwapo. Nilimtazama tu, yule mtoto wa jina la mwanamke mwingine, akinyoosha mikono nimbebe.

Nikasema, "Nyambura, ni dawa ya sonona. Ni ya kwangu. Nilikudanganya." Nikamsomea jina lililoandikwa kwenye pakiti, herufi kwa herufi.

Nikasikia droo ya dukani ikifungwa. Kisha akasema, na sauti yake haikupanda, "Mama, usimtapishe. Mbebe, chukua na hiyo pakiti, nenda hospitali sasa hivi. Mimi nakuja."

Nilimfunga kifuani kwa leso, nikapanda bodaboda kwenye mvua ile. Nikaingia hospitalini nikipiga kelele. Nesi akampokea, akachukua pakiti, akauliza, "Mtoto anaitwa nani?"

"Wairimu!" nikasema. "Anaitwa Wairimu! Ni Wairimu wa Kimani, nawaomba, msaidieni Wairimu!" Nililisema mpaka nesi akaniambia, mama, tumesikia. Jina ambalo halikuwa limetoka kinywani mwangu tangu mtoto azaliwe lilijaa ukumbi wote ule, na mimi sikuona chochote isipokuwa mtoto.

Wakamweka chini ya uangalizi, wakampima moyo kwa zile nyaya ndogo, sisi tukangoja. Wakahesabu tembe pamoja nami, zikapatikana karibu zote, na nyingine zina alama za meno. Alikuwa ameramba tu, uchungu ukamshinda. Lakini walisema wazi kwamba kama angemeza hata chache tu, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Jioni akaamka akidai uji. Bwana apewe sifa! Sema tena, apewe sifa!

Mama Nyambura alikuwa amefika kutoka Kinoo, amelowa chapachapa. Akanikuta kwenye benchi. "Nilijua!" akasema. "Nilisema mtoto akae kwangu!" Nyambura akatokea, bado amevaa koti jeupe la dukani, akamwangalia mwanawe kwanza, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, dawa zako za presha ziko mezani chini ya gazeti. Huyu mtoto huvuta hilo gazeti kila siku."

Mama Nyambura akaanza kukamua maji kwenye kilemba chake. Ndugu zangu, hata katika saa ile nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Halafu Nyambura akanigeukia mimi. "Na wewe, hiyo dawa nauza kila siku. Watu wanakuja kununua na suti zao na tai. Mbona ulinipita ukaenda kwa watu baki?"

Ndipo yakatoka yote, pale kwenye benchi, mbele ya wagonjwa. Jina, na ile "maitu", na mablanketi ambayo hayakuja kwangu, na kovu. Nikamwambia Mama Nyambura usoni kwamba nimemwonea wivu mpaka kwa kovu la kisu. Akasema, "Wangeci, hilo kovu linawasha usiku kucha. Ungesema, ningekupa nusu." Nikacheka nikilia. Yeye pia akacheka, akishika tumbo kwa sababu bado humvuta akicheka.

Msifikiri mambo yaliisha hapo kwa kukumbatiana. Mtoto alikaa Kinoo wiki kadhaa, na nilizihesabu kwa vidole. Kimani akatengeneza visanduku viwili vya mbao vyenye kufuli, akakipigilia kimoja ukutani kwangu na kingine Kinoo, juu kabisa. Kisha mtoto akarudi. Sasa siku nyingine ni zangu, siku nyingine ni za Kinoo. Na dawa yangu analeta Nyambura mwenyewe. Kila akimleta mtoto asubuhi, kabla hajafika hata kwenye kiti, ananiuliza, "Mama, jana ulimeza?" Ni ile sauti anayomwulizia mama yake. Nilikuwa nimeisikia kwenye simu mara nyingi akiongea na Kinoo, na sikujua kwamba hata hiyo nilikuwa naionea wivu.

Kifua changu leo? Kinapumua. Maumivu hunitembelea mara chache, kama mgeni anayejua hatakaribishwa chai. Daktari amesema ukifika wakati tutapunguza dawa kidogo kidogo, naye ndiye atakayesema, si mimi wala jirani yangu. Na wivu? Wivu uko. Kimani hamwiti mtoto wake "maitu", na pengine nitazikwa bila kulisikia hilo neno. Linaniuma hata ninapolisema hapa. Lakini ninaweza kulisema na nikabaki nimesimama, na kuna wakati sikuweza.

Basi ndugu yangu, dada yangu, wewe unayeumwa na umeambiwa huna kitu, usikubali kubaki peke yako na maumivu yako. Kapimwe moyo kwanza, usianze kwa kubahatisha, wala usimeze dawa ya jirani. Ukishapimwa, mtafute mtu atakayekuamini. Mungu aliyemponya Mama Nyambura kwa kisu ndiye huyohuyo anayeniponya mimi kwa tembe ndogo kuliko punje ya mahindi. Nilidhani njia yangu ni ya aibu na yake ni ya utukufu. Mtumaini Yeye, hata akikupitisha njia ambayo hukutaka kuishuhudia. Na dawa yako, mpendwa, iweke juu, mahali ambapo mtoto hafiki na watu wazima wote wa nyumba wanaiona.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mchungaji, nimemaliza. Lakini naona Mama Nyambura anainuka na Biblia yake. Keti, mama, keti tu. Ukitaka kushuhudia, Kinoo mna kanisa. Leo ushuhuda ni wangu.